Ng'ombe Wanane Bila Kubishana

Daktari anayetaka kujua kama mtu wa Nyamwaga, kata ya Wakurya, amerukwa na akili ana kazi ngumu kuliko wenzake wa mikoa mingine. Amefundishwa amtafute mtu anayeongea kwa sauti kubwa, anayewakatiza wenzake, anayejiona hashindwi na kitu, anayekasirika upesi na asiyemwogopa mtu. Sasa Nyamwaga hapo atamwacha nani? Kwa dalili hizo atabeba kata nzima pamoja na kwaya, na magari hayatatosha.

Ndiyo maana Agustina aliugua miaka kumi na mitatu bila mtu kushtuka. Alikuwa mama mfupi, mwenye pengo la mbele, aliyezaliwa Kisaka upande wa Serengeti na kuolewa Nyamwaga akiwa na miaka kumi na tisa. Alipata mabinti watatu, wote wakaolewa mbali, na mume mmoja mpole aliyeitwa Waitara. Mume mpole huko ni kitu adimu, na watu walimwonea Waitara huruma kama vile ana kilema.

Ugonjwa wa Agustina ulikuwa wa kupanda na kushuka, na akipanda, alipanda kweli. Mwaka mmoja alilima ekari mbili kwa jembe la mkono ndani ya siku nne, akilala saa mbili tu kwa usiku. Wanaume waliwaleta wake zao shambani waje waone mke wa mtu anavyotakiwa kuwa. Jumapili moja alisimama kanisani katikati ya mahubiri akamsahihisha katekista kwa muda wa saa nzima kuhusu wake wa Sulemani, na watu wakapiga makofi. Mwaka mwingine aligombea uenyekiti wa kitongoji. Ahadi yake kuu ilikuwa kuusogeza mto uwe karibu na nyumba za watu. Alishika nafasi ya pili, akizidiwa kura kumi na moja, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba aliibiwa.

Akishuka, hapo sasa kijiji kizima kiligeuka kuwa hospitali. Alilala akiutazama ukuta wiki nane, wiki kumi, hataki kuoga, hataki kula, analia kwa sababu kuku amepita mlangoni. Mmoja akasema ni uvivu, mwingine akasema amerogwa na watu wa kwao, wa tatu akasema amepungukiwa imani, na mabingwa hao wote walirudi makwao wakiwa wameridhika na kazi yao. Akiugua kwa kupanda alikuwa mfano wa kuigwa, akiugua kwa kushuka alikuwa mfano wa kukemewa. Ugonjwa ulikuwa huohuo mmoja.

Waitara alikufa kwa ugonjwa wa mapafu miaka tisa iliyopita. Msibani Agustina hakutoa chozi, na akasifiwa kwa ujasiri. Baada ya hapo hakulala siku nane. Siku ya tisa alikutwa juu ya paa la nyumba akigongomea mabati yasiyo na tatizo lolote, huku akiwatangazia wapita njia kwamba marehemu amepata uhamisho na atarudi kwa likizo. Aliyemshusha paani na kumpeleka hospitali mjini Tarime alikuwa Tomaso, mdogo wake Waitara. Haki yake lazima apewe, maana mbele huko hatapata nyingine.

Huko hospitali ndiko Agustina alikokutana na muuguzi anayeitwa Modesta, mama wa makamo asiyekuwa na haraka, ambaye alimwambia kwamba ugonjwa wake una jina, unaitwa baipola, na una dawa. Agustina akataka kujua unakaa wapi.

"Kichwani, mama," Modesta akasema. "Hebu niambie, huko kwenu Nyamwaga ng'ombe wakiibiwa inakuwaje?"

"Aliyeona anapiga yowe. Wanaume wanatoka na silaha."

"Na wazee?"

"Wazee wanauliza kwanza. Pengine ng'ombe amekata kamba tu, yuko kwa jirani anakula mahindi."

"Basi ubongo nao uko hivyo. Ndani kabisa kuna kitu kidogo, kama punje ya harage. Kazi yake ni kupiga yowe. Ukifiwa, ukitukanwa, ukiaibishwa, kinapiga yowe, moyo unakwenda mbio, mikono inatoka jasho. Kila binadamu anacho. Na hapa mbele, nyuma ya paji la uso, ndipo wanapokaa wazee wa kuuliza kama ni wizi kweli au ni kamba. Wataalamu wamepiga picha vichwa vya watu wenye ugonjwa wako. Si wote wanafanana, lakini kwa wengi yowe linapigwa kubwa kuliko jambo lenyewe, na wazee wanachelewa kufika. Wakati mwingine ng'ombe ameshapatikana na yowe bado linaendelea, wiki mbili, wiki tatu."

"Hao wazee wanakuwa wapi muda wote huo?"

"Wako njiani. Ukikosa usingizi ndiyo hawatoki kabisa. Kwa hiyo dawa, usingizi, na usijitie kwenye ugomvi usio wa lazima. Na uwe macho hata kwa furaha kubwa, mama. Ile punje haijui tofauti ya harusi na msiba."

Tomaso alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni, kofia mapajani, akisikiliza kwa umakini ambao hakuwahi kuuonyesha kwa hubiri lolote. Aliporudi nyumbani aliukusanya ukoo mzima akatangaza amri moja: Agustina asiudhiwe. Ukoo ulitii kupita kiasi. Waliacha kumwambia misiba, wakaacha na harusi kwa usalama zaidi. Alikuwa anawajua wajukuu wa ukoo wakishaota meno. Na kila alichohisi kikawa dalili. Akicheka, aliulizwa, "Umemeza dawa?" Akinuna, aliulizwa, "Umemeza dawa?" Akilalamika kwamba mbuzi wa Tomaso wanakula mihogo yake, Tomaso mwenyewe alimtazama kwa huruma akamuuliza kwa sauti ya chini kama amemeza dawa. Mbuzi wale walinenepa sana miaka hiyo.

Na kweli alikuwa anameza, asubuhi na jioni. Miaka sita ilipita hajapanda paani wala hajalala kuutazama ukuta. Akiwa katika hali hiyo ya utulivu, ndipo alipoamua kuoa.

Asishangae mtu. Kwa Wakurya mwanamke asiye na mtoto wa kiume ana ruhusa ya kuoa. Anatoa ng'ombe, analeta binti nyumbani awe mkamwana wake, na watoto ambao binti atazaa na mwanamume atakayemchagua ni wa nyumba yake na wanabeba jina la nyumba hiyo. Agustina alimpata Frida, binti wa Mzee Sadock wa ng'ambo ya mto, mwenye miaka ishirini na minne. Frida alikuwa ametoroka kwa mume aliyekuwa akimpiga kila mnada, uwe mzuri au mbaya. Alipoulizwa kama yuko tayari kuolewa na mama mtu mzima, alisema yuko tayari hata leo.

Siku ya mahari Mzee Sadock alijiandaa vizuri. Alivaa koti, akaita ndugu zake sita, akajinyoosha kwenye kiti kama mtu anayeanza safari ya siku mbili, akataja ng'ombe wanane. Idadi hiyo ilikuwa ya kuanzia tu. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyetegemea kwamba ingemaliza asubuhi ile ikiwa hai.

"Sawa," Agustina akasema.

Mzee Sadock akadhani masikio yake yamemdanganya. Akarudia, wanane. Agustina akarudia, sawa. Mzee alikuwa amekuja na hoja za kutosha mpaka kesho yake jioni, za ukoo, za malezi ya binti, za bibi yake aliyewahi kuzaa mapacha mara tatu, na sasa hana wa kumpa. Hata chai ilikuwa haijachemka. Alipokea ng'ombe wake akiwa amenuna, na mpaka leo husimulia kwamba siku ile alidhulumiwa.

Tomaso alicheka sana wakati huo. Kicheko kiliisha miaka miwili na miezi baadaye, Frida alipojifungua mtoto wa kiume, na Agustina akampa jina la marehemu mumewe. Agustina alikuwa na shamba zuri kando ya barabara. Nyumba yake ikifungwa bila mrithi, shamba lile lingerudi kwa Tomaso. Tangu siku ile mtoto alipolia mara ya kwanza, Tomaso aliingiwa na wasiwasi mkubwa sana juu ya afya ya shemeji yake.

Alipeleka shauri ritongo, yaani baraza la wazee. Aliomba ndoa ivunjwe kwa sababu Agustina aliifunga akiwa hana akili timamu, ng'ombe warudi kwenye boma la ukoo, na Frida arudishwe kwao pamoja na mtoto. Ushahidi wake ulikuwa mmoja na ulikuwa mzito: mwanamke huyu alitoa ng'ombe wanane bila kubishana. Wazee waliposikia hivyo walitazamana. Ya kupanda juu ya paa wangeweza kuyaelewa, mtu yeyote anaweza kupanda paa. Lakini kukubali bei ya kwanza!

Kikulacho ki nguoni mwako. Tomaso aliyajua mambo ya ile punje ya harage kuliko mtu yeyote kijijini, kwa kuwa alikuwepo kwenye benchi. Siku nne kabla ya ritongo alimpokea Yesu ghafla. Alikodi spika mbili, akaziweka kwenye uzio uliopakana na nyumba ya Agustina, akaanzisha mkesha wa maombi ya kumwombea shemeji yake apone. Mtu ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa siku ya ndoa yake aliimba mapambio usiku kucha, na vifungu vya kuamsha wafu alivirudia mara mbili.

Usiku wa kwanza Agustina hakufumba jicho. Asubuhi Frida akamtazama machoni, akafunga mkeka na blanketi.

"Mama, leo tunalala kwa rafiki yako Bernadetha, kwenye ghala la mahindi. Kule bondeni sauti haifiki."

"Watasema nimekimbia maombi."

"Waseme. Wanataka ufike pale hujalala, upige kelele kama kichaa, waseme si mnaona. Wewe lala."

Basi Tomaso akaendelea kuiombea nyumba tupu siku tatu zaidi, na Agustina akalala fofofo kati ya magunia.

Ritongo lilikaa kwenye uwanja wa josho. Mzee Emanueli, mwenye kikao, alikuwa amekaa katikati na fimbo yake, wanaume wamemzunguka juu ya vigoda na mawe. Agustina alipewa kigoda upande wake peke yake. Frida alikuwa nyuma ya ukuta wa josho na mtoto. Ndoa iliyokuwa inajadiliwa ilikuwa ya kwake pia, lakini hakuna aliyekumbuka kumwita.

Tomaso alisimama, akaanza polepole. Alieleza habari za paa, akaeleza habari za katekista, akaeleza ahadi ya kusogeza mto. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu, na waliocheka zaidi ni wale waliompigia kura. Akamwita tasa wa watoto wa kiume. Akamtazama Agustina aone kama punje imeanza kazi. Kimya. Akaongeza kwamba mwanamke huyo hajawahi kupika ugali ukaiva. Kimya. Basi akatoa lile alilokuwa amelificha.

"Na kaka yangu Waitara mnajua kilichomuua? Alichoka. Mtu utaishi na kichaa miaka yote hiyo usife?"

Yowe lilipigwa. Agustina alilisikia ndani ya masikio, likashuka kifuani, likafika kwenye vidole. Macho yalimwona Tomaso tu, wengine wote wamefutika. Aliweka mikono chini ya mapaja akaikalia. Akakanyaga ardhi kwa nguvu ndani ya kandambili zake, kama Modesta alivyomwelekeza, akavuta pumzi, akaanza kuwasubiri wazee wake wa kichwani. Aliogopa kuliko siku yoyote maishani mwake, kwa sababu nyuma ya ukuta ule alimsikia mtoto akikohoa, na alijua kelele moja ikimtoka vibaya, mtoto yule jioni atalala ng'ambo ya mto.

Muda ukapita. Watu wakaanza kutazamana.

"Mama Agustina," Mzee Emanueli akaita, "umesikia maneno ya shemeji yako?"

"Nimesikia, tata."

"Huna la kujibu?"

"Nasubiri kidogo."

Minong'ono ikazunguka uwanja mzima. Mzee Emanueli akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Jamani, mimi nilikuja hapa na mashaka. Nilijua Tomaso anataka shamba, nani hajui? Lakini sasa nimeona kwa macho yangu. Mtu mzima wa Kikurya, atukaniwe marehemu mumewe mbele ya watu, halafu aseme anasubiri? Anasubiri nini? Huyu mama anaumwa."

Vichwa vikakubali kimoja baada ya kingine. Tomaso alibaki mdomo wazi. Alikuwa amepanga ushahidi wa kelele, na sasa anashinda kwa ushahidi wa kimya.

Agustina aliona shauri linakwenda na maji, na bado kulikuwa na swali moja ambalo hakuna mtu pale angeweza kumsaidia kulijibu. Hasira hii ni ya nani? Ni yake, au ni ya ugonjwa? Miaka tisa alikuwa ameulizwa kama amemeza dawa kila alipokunja uso, mpaka naye akaacha kuamini chochote anachohisi. Akajikagua upesi. Amelala? Amelala usiku tatu mfululizo. Amemeza? Amemeza. Mawazo yanakuja kumi kwa pamoja au moja moja? Lilikuwa moja tu, na lilikuwa limesimama. Basi hasira ni yake. Iliuma kugundua ilivyokuwa nyingi.

Akasimama.

"Nimemaliza kusubiri," akasema. "Mnataka kujua kwa nini sikubishana bei? Mimi nilibishaniwa. Siku mbili, kule Kisaka, niko nyuma ya ukuta nasikia. Wewe Tomaso, baba yenu alinitoa nje akaniambia nifungue mdomo. Akaona pengo, akapunguza ng'ombe mmoja. Akanisimamisha karibu na mlango, akaona mimi mfupi, akapunguza mwingine. Miaka thelathini na saba nimelala ndani ya boma lile nikijua mimi ni mtu niliyepungua ng'ombe wawili. Nilipofika kwa Sadock niliona miguu ya yule binti chini ya pazia. Amesimama anasikiliza. Nikasema sawa ili akakae chini. Kama huo ndio wazimu, basi mimi ni kichaa, na ninyi mlikuwa na akili zenu timamu mlipokuwa mnahesabu meno yangu!"

Sauti ilikuwa imepanda, na aliiacha ipande. Akamgeukia Tomaso, kidole mbele.

"Na wewe! Waitara alikufa na mapafu, umembeba mwenyewe mgongoni, ukalia kwenye veranda ya hospitali mpaka watu wakakuonea huruma! Leo unamuua mara ya pili kwa ajili ya kipande cha barabarani? Na mbuzi wako, mura, nikiwaona tena kwenye mihogo yangu nitawala, na sitakuuliza kama umemeza dawa!"

Mbwa waliokuwa wamelala kando ya josho waliamka. Mzee Emanueli naye alisimama, uso umemchangamka, akagonga fimbo chini.

"Sasa huyu ni mzima!"

Uwanja ukalipuka kwa furaha. Hukumu haikuchukua dakika kumi: ndoa ni halali, mtoto ni wa nyumba ya Agustina, Tomaso afunge mbuzi wake. Wanaume walipanga foleni kumshika mkono. Agustina alitembea mpaka nyuma ya ukuta, akamchukua mtoto kutoka kwa Frida, akalia sana, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuna aliyemuuliza kitu.

Ingekuwa hadithi ya kanisani ingeishia hapo. Lakini ubongo haujui kwamba kesi imekwisha.

Siku ya kwanza watu walimiminika kumpongeza, akachinja mbuzi, wanaume wakala nyama na kichuri, mchuzi wake mchungu wa tumboni. Siku ya pili wakaja wengine. Siku ya tatu Agustina aliamka kabla ya jogoo akaanza kulima shamba la barabarani, akalimaliza lote, akaendelea kwenye shamba la jirani. Aliwapigia simu mabinti zake mara kumi na mbili kwa asubuhi moja. Siku ya tano alitangaza kwamba atagombea tena, safari hii kiti kikubwa zaidi, na ule mto atausogeza mwenyewe. Vidonge alivitupa kwenye banda la kuku kwa kuwa ritongo lilishamthibitisha kuwa mzima. Kijiji kilifurahi kupita kiasi. "Agustina wetu amerudi!" walisema, na wengine wakawaleta wake zao waje watazame.

Frida ndiye pekee aliyekuwa akihesabu usingizi. Saa sita, saa nne, mbili, sifuri. Hakuwahi kumwona mama yake huyu akiwa hivyo, alikuwa amesimuliwa tu. Akaenda kwa Mzee Emanueli, akapiga goti, shikamoo, akaeleza.

"Unataka kutuaibisha?" mzee akamuuliza. "Ritongo limesema ni mzima mbele ya watu wote, halafu wiki hiyohiyo unampeleka kwa wagonjwa wa akili?"

Akaenda kwa Tomaso, aliyekuwa akisokota kamba za mbuzi. Tomaso alikuwa ameshaona. Alikuwa ameona tangu siku ya tatu, maana ndiye aliyekuwa kwenye benchi.

"Mimi ni nani nipinge wazee?" akasema, bila kuinua kichwa.

Penye wazee hapaharibiki neno, ndivyo wanavyosema. Frida akarudi nyumbani peke yake, akampigia simu Wiliam wa bodaboda, akamfunga mtoto mgongoni, akamwambia Agustina kwamba wanakwenda Tarime kwa Modesta.

Majirani walikuwa wamejaa uani wakipata hotuba. Agustina alisikia jina la Modesta akageuka, macho yamewaka, na maneno yaliyomtoka yalikuwa kama si yake, ila sauti ilikuwa yake kabisa.

"Kumbe na wewe umetumwa na Tomaso! Nimekutoa kwenye kipigo, nimekutolea ng'ombe wanane, unaniita kichaa? Rudi kwenu! Chukua na mwanao. Ng'ombe nimewasamehe, ndoa nimeivunja, hawa wote mashahidi!"

Lile alilolitaka Tomaso kwa spika mbili na ritongo zima, Agustina alikuwa amelitamka mwenyewe, bure, mbele ya mashahidi ishirini. Frida alisimama pale akiwa na miaka ishirini na saba, mtoto mgongoni, bila deni la ng'ombe hata mmoja, na njia ya kwenda ng'ambo ya mto iko wazi. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akamshika Agustina mkono kwa nguvu, akampandisha kwenye pikipiki, naye akapanda nyuma yake.

Walikwenda mishikaki, Wiliam mbele akifundishwa kuendesha, Agustina katikati akifundisha, Frida nyuma akiwa amemkumbatia kiunoni asiruke.

Modesta aliwapokea kwenye korido. Alimtazama Agustina mara moja akafungua daftari.

"Nani mwenye mgonjwa?"

"Mimi," Frida akasema. "Ni mkamwana wake."

"Mwongo!" Agustina akapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Nimeshamfukuza! Hana kwangu!"

Modesta akainua macho.

"Anasema amekufukuza."

"Ndiyo. Alinifukuza nyumbani, akanifukuza njiani mara mbili, akanifukuza tena hapo getini." Frida alimshusha mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani kwa Agustina, ambaye alimshika kwa mikono miwili bila kukatisha matusi. "Sijajibu bado. Akishalala siku kadhaa akaamka, akirudia maneno hayohayo, nitaondoka. Kwa sasa andika jina langu."

Modesta akauliza linaandikwaje, akaandika.